Kijiti Chekundu cha Daraja la Lwangu

Wa mwisho ndiye mfungua njia. Ndivyo alivyosema mjomba wenu asubuhi alipokuwa akigawa uji, nanyi mkacheka mkidhani anamfariji tu Tumpe kwa kuwa kikombe kilimfikia mwisho. Hakuyatunga yeye maneno hayo. Sogeeni hapa, acheni kuvutana huo mkeka, niwaeleze yalikotoka. Yalizaliwa darajani, kwa kosa la dereva mmoja mwema aliyeitwa Ambakisye.

Mwaka ule mafuriko yalikuwa yamekula nguzo moja ya daraja la mto Lwangu, kwenye barabara kuu iendayo mpakani. Mafundi walipokuja kulitengeneza, walifunga upande mmoja, wakabakiza njia moja tu ya kupita. Malori makubwa yalizungushwa milimani. Magari mengine yalipita kwa zamu, kwanza ya upande huu, kisha ya upande ule. Kila dereva aliambiwa wazi kwamba nguzo ile haiwezi kubeba magari ya pande zote mbili kwa pamoja.

Bonde lile lina kona nyingi. Aliye kilima hiki hamwoni aliye kilima kile, na simu hazishiki. Kwa hiyo mafundi wakachonga kijiti, wakakipaka rangi nyekundu. Kundi la magari likiachiwa, dereva wa gari la mwisho hupewa kijiti hicho akakikabidhi ng'ambo. Mshika bendera wa ng'ambo akikipokea, anajua bonde ni tupu, naye anawafungulia walioko upande wake.

Ulikuwa mpango mzuri, ila madereva hawakukipenda kijiti. Aliyekishika walimwita mkia. "Mkia wa leo nani?" walikuwa wakiulizana, na mwenye kijiti alizomewa kwa honi hadi ng'ambo. Yupo mmoja aliyezima gari makusudi, akafungua boneti na kujidai linachemka, ili tu kundi limwache asikishike.

Ambakisye alikuwa na pikapu. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya akina mama ishirini na sita wa kijiji cha Ikama, akayavusha hadi kituo cha kupozea, kilichokuwa nyuma ya kilima cha ng'ambo. Tangu daraja lianze kutengenezwa, maziwa yalikuwa yamechachia kwenye foleni mara mbili. Msimamizi wa kituo alimwita pembeni akamwambia kwa upole, "Ambakisye, yakija yamechacha mara ya tatu, sitakuwa na la kufanya. Maziwa ya Ikama yatabaki Ikama mpaka daraja lipone." Na daraja lilihitaji miezi mitano zaidi. Akina mama wale walikuwa wakisomesha watoto kwa maziwa hayo.

Siku ninayoisema, alifika kizuizini jua limekwisha kuwa kali na kundi limeanza kuondoka. Mshika bendera wa upande wa Ikama, kijana mpole aitwaye Ipyana, alikuwa tayari ameshika kamba ateremshe kizuizi. Aliyaona makopo ya maziwa, akasita.

"Pita, kaka," alisema. "Lakini utakuwa wa mwisho. Shika kijiti."

Ulikuwa wema ule, wajukuu zangu, lakini Ambakisye hakuuona. Aliona kijiti tu. Mbele yake lilikuwa trekta lililovuta tela la mahindi, na mbele ya trekta, Kosta iliyojaa abiria. Dereva wa trekta aligeuka akacheka. "Ee Ambakisye! Karibu mkiani!"

Trekta lilitambaa. Ambakisye alitazama saa, akatazama makopo, akatazama moshi wa trekta. Kabla ya daraja barabara inapanuka kidogo. Hapo alikanyaga mafuta, akalipita trekta, akaipita na Kosta, akavuka daraja na kupanda kilima cha ng'ambo.

Mshika bendera wa ng'ambo alikuwa mama mmoja, Atuganile. Alinyoosha mkono akapokea kijiti. "Pole na foleni, baba," alimwambia, akainua kizuizi. Magari tisa yakaanza kuteremka bondeni.

Ambakisye alikuwa ameshaanza kupiga mluzi alipotupia jicho kwenye kioo cha pembeni. Aliona gari la tisa likipotea konani. Mluzi ukakatika. Lile trekta na ile Kosta vilikuwa bado chini.

Ilikuwa saa nne kasorobo. Mbele yake, mwendo wa dakika kumi tu, kilikuwako kituo. Nyuma yake kulikuwa na daraja lenye nguzo iliyoliwa, na watu waliokuwa wakielekea kukutana juu yake. Alikaa pale na mguu juu ya breki. Kisha akazima gari, akaliacha juani na makopo yake, akarudi akikimbia.

"Mama, kijiti kimewahi!" alimpigia kelele Atuganile. "Nyuma yangu kuna Kosta na trekta!"

Walipofika chini, Kosta ilikuwa katikati ya daraja na trekta limeingia nyuma yake. Mbele yao yalisimama magari manne, na mengine matano yamejipanga hadi mwanzo wa mlima. Fundi mkuu alikuwa akipunga mikono. "Shusheni abiria! Nguzo inalia! Hii nguzo inalia!"

Wa mbele hawakuwa na habari naye.

"Rudi nyuma wewe!" alifoka dereva wa teksi.

"Nirudi nimeiba nini? Zamu ni yangu!" alijibu wa Kosta. "Na trekta lenye tela litarudije hapa, litapaa?"

"Kwetu kumefunguliwa! Kijiti kimefika!"

"Kijiti kipi, na sisi ndio kwanza tunapita?"

Ambakisye aliingia katikati yao. "Ndugu zangu, kosa ni langu. Mimi nilikuwa na kijiti, nikawapita hawa. Nitukaneni baadaye. Teksi, nakuomba urudi."

"Nitarudi vipi? Huoni nimezibwa nyuma?"

Akamwendea wa pili, naye akasema amezibwa. Wa tatu vilevile. Akaenda gari kwa gari, jibu likawa lile lile, mpaka akafika kwenye kigari cha zamani cha Mwalimu Mwaisumo, mzee mstaafu, aliyekuwa amepandisha vioo akisoma gazeti.

"Mimi tena?" alisema mzee akishusha kioo. "Mimi ni wa mwisho, mwanangu. Sina sauti huku. Zungumza na hao wakubwa wa mbele."

"Mwalimu, wa mbele wameshindwa. Kila mmoja amezibwa na wa nyuma yake. Wewe peke yako hujazibwa na mtu."

Mzee alikunja gazeti taratibu. "Shingo yangu haigeuki siku hizi. Nikirudi kinyumenyume nitaingia korongoni."

"Basi mimi nitakuwa shingo yako," alisema Atuganile. Akasimama nyuma ya gari na bendera yake, na Ambakisye akatembea kando ya dirisha, mkono kwenye usukani. "Kulia kidogo, Mwalimu. Nyoosha. Hapo hapo, njoo, njoo." Kigari kikapanda mlima kinyumenyume kama kinyonga. Kilipopisha, wa nane akapata nafasi akarudi. Kisha wa saba. Mwishowe hata teksi ikatoka darajani. Kosta ikavuka bila abiria, trekta likafuata, na fundi mkuu akakaa chini akajifuta uso. Hakuna aliyeumia.

Pale juu, madereva walianza tena kubishana nani alikuwa na haki. Mwalimu Mwaisumo akawanyamazisha. "Mlipiga kelele ninyi mlio mbele, daraja likabaki limeziba. Wa mwisho ndiye mfungua njia. Ndivyo ilivyo kwa kijiti, ndivyo ilivyo kwa foleni."

Ambakisye alirudi kwenye pikapu saa nne imekwisha kupita. Hakuwa na tumaini. Lakini wanawake waliouza mahindi ya kuchemsha kizuizini walikuwa wameyaona makopo juani. Bila kutumwa na mtu, walilowesha magunia yao wakayafunika, na kila gunia lilipokauka walilimwagia maji tena. Kituoni msimamizi alipima kopo moja moja. Moja alilikataa. Mengine aliyapokea.

Jioni Ambakisye alizunguka Ikama nyumba kwa nyumba, akawaeleza akina mama wote kosa lake kwa kinywa chake. Mwenye lile kopo lililokataliwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kesho upite kwangu kwanza."

Tangu siku ile honi za kuzomea zilikoma. Mwenye kijiti akifika ng'ambo, walioko foleni walimpungia mkono, kwa sababu walikuwa wakimngoja yeye, wala si aliyetangulia. Ambakisye mwenyewe, kesho yake akiwa anarudi na makopo matupu, alisogea kando akawapisha wenzake wote. Dereva wa trekta akampigia kelele, "Vipi, mkia wa leo ni wewe?"

"Ni mimi," alijibu Ambakisye, akanyoosha mkono kupokea kijiti. "Wa mwisho ndiye mfungua njia."