Mwaliko wa Kamusi

Katika kiwanda kile cha uchapaji, hakikutoka kitabu bila kupita chini ya kalamu nyekundu ya msahihishaji mmoja ambaye wenzake walimbandika jina la Kamusi. Alikuwa na mwiko wake: ukurasa husomwa mara tatu, na kosa likionekana, kusoma huanza upya. Kazini mwiko huo ulimletea sifa kedekede. Balaa ilizuka alipouhamishia nyumbani.

Jumanne asubuhi aliletewa ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa binti wa marehemu kaka yake, aliyezaliwa na kukulia ng'ambo, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alikuwa amekuja kwa mkutano wa kazi, amefikia hoteli ya upande wa pili wa mji, na jioni zake tatu zilikuwa huru. Ijumaa alfajiri angepanda ndege kurudi. Alitamani sana kumwona bibi yake, ila aliona haya kujipeleka tu kwa watu bila kualikwa. Aliomba aambiwe aje lini.

Bibi hakuwahi kumtia machoni mjukuu huyo. Aliposikia habari, alisimama bila fimbo.

"Mwandikie aje leo leo," alimwambia Kamusi. "Nataka nimshike uso kabla sijafa."

"Niachie mimi, Mama. Kiingereza cha kualika mgeni si cha kukurupukia."

Jioni hiyo Kamusi aliketi mezani na karatasi. Pembeni yake dada yake, fundi cherehani, alikuwa akipinda mapazia ya mteja.

"Umeshatuma?" dada aliuliza.

"Bado. Nikiandika 'drop in', ataelewa apite tu, achungulie, aende zake. Nikiandika 'come over', hayo ni maneno ya jirani kwa jirani, na huyu yuko mbali."

"Si umwambie aje tu?"

"Wewe shona, dada yangu. Vitenzi vya Kiingereza vina mkia. Ukibadilisha mkia, umebadilisha mnyama."

Jumatano alirudi kutoka kazini na kamusi nene kama tofali. Alijaribu 'come round', yaani kuja kutembelea, akakuta kwamba husemwa pia kwa mtu aliyezirai akazinduka. Akaifuta. Alijaribu 'stop by', yaani kupitia kidogo njiani, akaiona ya haraka mno kwa bibi aliyesubiri miaka yote hiyo. Akaifuta nayo. Karatasi ikawa nyekundu tupu. Bibi, aliyevaa gauni lake jipya tangu adhuhuri, alisinzia kitini akiutazama mlango.

Alhamisi jioni, Kamusi aliporudi tu kutoka kazini, simu ililia tena. Kamusi alisoma ujumbe kimya, uso ukamshuka.

"Anasema nini?" Bibi aliuliza.

Kamusi alitafsiri taratibu. "Anasema ameona kimya. Anadhani labda amekuja ghafla mno, au bibi hayuko tayari kumwona. Anasema anaelewa, na anakusalimu."

"Mimi?" Sauti ya Bibi ilikatika. "Mimi ndiye nisiyemtaka damu yangu?"

Dada alisimamisha mguu juu ya pedali ya cherehani. "Ina maana hukutuma? Tangu juzi?"

"Nilibakiza kitenzi kimoja," Kamusi alijibu kwa sauti ndogo.

Jamani! Dada aliipokonya ile simu, akapiga, akamkabidhi mama yake. Bibi alikuwa amefua mashuka ya hoteli miaka mingi, na Kiingereza chake chote kilitoka huko, kwenye ndoo na pasi.

"Come!" alipaza sauti. "Me, grandmother! Come today! Come now, please!"

Upande wa pili kilisikika kilio, kisha kicheko. Dada alichukua simu akataja mtaa na namba ya nyumba kwa Kiingereza cha kuungaunga kama viraka, na kikafika.

Haikupita saa moja, mjukuu alikuwa mlangoni. Bibi aliushika uso wake kwa mikono miwili, akalikuta paji la mwanawe, akalia kwa furaha bila kujificha. Walisemezana kwa vidole, kwa macho na kwa kupigana mabega. Shangazi yake, yule fundi cherehani, alimpima kiuno, akamshonea sketi papo hapo. Nyumba ilijaa vicheko.

Kamusi alimwonyesha mjukuu ile karatasi, akamwomba radhi, kisha, maana la kuvunda halina ubani, akamuuliza kitenzi kipi kilikuwa sahihi. Binti alicheka hadi machozi. Alijibu, na ikambidi Kamusi mwenyewe awatafsirie wenzake:

"Anasema chochote kingemleta, Mama, hata kilichokosewa herufi. Anasema juzi na jana alikula peke yake hotelini, simu iko kando ya sahani."

Hakuna aliyemgombeza. Bibi alimvuta akae karibu nao, kwa sababu furaha yake ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Usiku teksi ilimchukua mjukuu ili aiwahi ndege ya alfajiri, na Bibi akampungia mkono hadi gari lilipopinda kona. Alikuwa ameridhika, lakini aliposhika mkono wa Kamusi kurudi ndani, alisema polepole, "Jioni zilikuwa tatu, mwanangu."

Kweli, mchagua jembe si mkulima.