Mwanamvua na Njuga ya Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Mmekula muhogo wangu wote, mmeshiba, mnaniitikia kama mnaomba dawa. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, hapo sawa. Nani huyo anaingia? Chwaka! Ingia, mwanangu, ingia, mvua isikunyeshee. Rudisha mlango polepole. Keti chini hapo, sakafu haina miiba. Leo nawasimulia habari za mtu, tena mtu hasa. Nikimtaja jina natanua kifua, na asiyependa na anune.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji. Na kijiji kilikuwa na mfinyanzi. Na mfinyanzi alikuwa mwanamke, jina lake Mwanamvua. Akikanda udongo, pata-pata-pata. Akisugua mtungi, sss, sss, sss. Mtungi wa Mwanamvua ukiugonga kwa kidole, unaimba ngiii! Maji yake baridi mpaka meno yanauma.

Lakini mwajua msemo, mfinyanzi hulia gaeni. Mwanamvua alilia gaeni kwelikweli, si msemo tu. Njaa kubwa ilikuwa imepita. Mumewe akafa, binti yake akafa, akabaki na mjukuu mmoja, Mashavu. Mtoto hali udongo. Mwanamvua akaenda kwa Mzee Mkongea mwenye ghala, akakopa mtama. Akakopa tena. Akakopa tena. Nyumba aliyoacha mumewe ikaanguka, hata pa kulala wakawa hawana, Mkongea akawapa kibanda uani kwake.

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji kile, maana hadithi yote imening'inia hapo. Mtu mwenye deni alivishwa njuga mguuni. Siku ya gulio anabeba anacholipia, anapita katikati ya kijiji, chwaka, chwaka, chwaka, kila mtu anasikia. Akifika kwa mdai wake anaita, "Hodi!"

Mdai anauliza, "Umeleta?"

"Nimeleta."

"Kumebaki?"

"Kumebaki."

Basi, anarudi zake. Na Mkongea alikuwa na ulimi! "Mwanamvua! Mtungi wenyewe mdogo hivi, wa kuogea kuku? Jua limefika wapi, ulikuwa umelala?" Gulio lijalo, chwaka, chwaka, amefika mapema. Mashavu akakua, akaota maziwa, na bado njuga inalia.

Mpaka siku moja.

"Hodi!"

"Umeleta?"

"Nimeleta."

"Kumebaki?"

"Kumekwisha, Mzee Mkongea. Kumekwisha!"

Mkongea mwenyewe akainama, mgongo wake na uzee wake, akaifungua njuga. Vigelegele! Ngoma! Hata waliokuwa hawasemezani wakakumbatiana.

Na kijiji kilikuwa na neno la kuchekea watu. Walisema, "Mguu uliovuliwa njuga haujui nyumbani." Maana yake, mtu akimaliza deni, mguu unakuwa mwepesi. Unampeleka kwenye ngoma. Unampeleka kwenye pombe. Unazunguka, unazunguka, halafu unamrudisha palepale, mlangoni pa ghala la Mkongea. Wengi walivuliwa njuga asubuhi, mavuno yaliyofuata wamevishwa tena.

Mwanamvua naye je? Msidhani bibi huyu alikuwa malaika. Gulio la kwanza akauza mitungi, akanunua papa mkavu na tende, wakala wakajilamba vidole. Ni haki yake! Gulio la pili akanunua kaniki mpya. Gulio la tatu hakuwa na mtungi wa kuuza. Alilala mpaka jua likamchoma miguu. Mashavu akamwuliza, "Bibi, leo hatukandi?" Akajibu, "Tukande kwa ajili ya nani? Hatudaiwi."

Umesikia neno hilo? Hatudaiwi. Neno tamu, lakini lina usingizi ndani yake.

Mara wakaja wazee kutoka ng'ambo ya mto, wamevaa vizuri, wanamposa Mashavu kwa ajili ya kijana wao. Mashavu naye anamtaka, anajificha nyuma ya kibanda anacheka peke yake. Mambo yote yakaenda vyema. Mwishoni mzee mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, "Na bibi arusi wetu atatoka mlango gani?"

Mashavu akaacha kucheka.

Maana desturi ilikuwa bibi arusi hutoka mlango wa kwao. Akitoka mlango wa watu, ataitwa mke wa mlango wa kuazima, na wanawe wataitwa hivyohivyo. Na kibanda kile kilikuwa cha Mkongea. Hata mlango hakikuwa nao, kilikuwa na jamvi tu. Kiwanja Mwanamvua alikuwa nacho, kile alichoachiwa na mumewe, kimeota nyasi mpaka kiunoni.

Mwanamvua akasema, "Atatoka mlango wangu."

"Uko wapi?"

"Unakuja."

Wale wazee wakatazamana. Wakasema watangoja. Lakini kijana hawekwi kama chumvi, wakasema, na kungoja kuna mwisho.

Asubuhi yake Mwanamvua akaenda kwa Mkongea. "Mzee Mkongea, nipe njuga yangu."

Mkongea akaacha kutafuna. "Dada, umeshikwa na nini? Mtama tena?"

"Sitaki mtama wako hata punje."

"Sasa njuga ya nini? Unadaiwa na nani?"

"Nadaiwa na mlango wangu."

Mkongea akacheka mpaka akakohoa. "Mlango ambao haupo? Mlango hauwezi kumgombeza mtu!"

"Ndiyo maana nataka njuga. Wewe ulinigombeza, nami nikaamka. Deni lina mdomo, Mzee Mkongea. Akiba haina. Mlango wangu ni mpole mno, utaniacha nilale mpaka nife."

Mkongea akainuka. Akaingia ndani, akaitoa njuga, akampa. Tangu kijiji kiwe kijiji hakuna mtu aliyewahi kuiomba.

Mwanamvua akamwita mjukuu. "Mashavu, kuanzia leo wewe ndiye mdai wangu. Siku ya gulio simama pale kiwanjani. Nikija, nidai."

"Bibi! Mimi nikudai wewe? Nina adabu zangu!"

"Adabu zako ziweke nyumbani. Nidai kama Mkongea."

Wakafyeka nyasi. Gulio likafika. Mwanamvua akatenga mtungi mmoja, mzuri kuliko yote, kabla hajauza hata kikaango. Akasema, "Huu wa mlango. Mlango kwanza, tumbo baadaye." Akaubadilisha kwa mti wa nguzo. Mitungi mingine akauza, wakala, tena walikula na kitoweo. Hakujinyima kama mfungwa, la. Akauweka mti kichwani, akapita katikati ya kijiji. Chwaka, chwaka, chwaka.

Watu wakatoka nje. "He! Mwanamvua kakopa tena?" Wakamfuata. Wakamwona anasimama mbele ya kiwanja kitupu, hapana ukuta, hapana paa, anaita, "Hodi!"

Na Mashavu, katikati ya kiwanja kitupu, mikono kiunoni: "Umeleta?"

"Nimeleta."

"Mti wenyewe ndio huu? Mbona umepinda kama mguu wa jogoo? Kumebaki?"

"Kumebaki."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Zaituni, jirani yake, alicheka mpaka akashika mti asianguke. "Mwanamvua, deni umelipa, unajitesa kwa nini? Kula raha!"

"Raha naila, Zaituni. Naila kidogo kidogo isije ikaisha."

Basi ikawa hivyo. Gulio hili nguzo. Gulio lile boriti. Lingine mzigo wa fito. Lingine kamba. Chwaka, chwaka. Hodi! Umeleta? Nimeleta. Kumebaki? Kumebaki. Mvua ikanyesha, chwaka, chwaka. Jua likawaka, chwaka, chwaka. Watu wakachoka kucheka. Wakazoea. Na hapo ndipo pagumu, wanangu. Watu wakicheka, unakaza. Watu wakizoea, hata wewe unajizoea, na mti wa leo unafanana na mti wa juzi, na nyumba bado huioni.

Siku moja akapanga vyungu vyake vyote juu ya kuni za kuchomea. Mlango tu ndio uliobaki kulipiwa, na fundi wa milango alitaka mitungi mikubwa. Kwa hiyo alikuwa amefinyanga mikubwa, kazi ya mvua nzima. Moto ukashika. Ghafla upepo! Vuuu! Moto ukageuka upande. Pa! Mtungi mmoja. Pa! Pa! Wa pili, wa tatu. Pa-pa-pa-pa! Majivu yalipopoa, hapakuwa na kitu kizima. Magae matupu.

Na siku ile ilikuwa gulio.

Mwanamvua akaketi kwenye majivu. Akaivua njuga, akaitupa. Alikuwa na uchungu mpaka machozi hayatoki. Akasema, "Basi. Basi tena. Atoke mlango wa Mkongea, dunia haitaanguka."

Zaituni akaja mbio. "Mwanamvua, mwambie mtoto wako atoke juani! Kasimama kiwanjani tangu asubuhi."

"Mwambie sina kitu."

"Nimemwambia. Anasema kazi yake ni kudai, unacho huna si shauri lake."

Mara wakasikia sauti, kutoka kule kiwanjani, kali, imepasuka kwa kiu:

"Mwanamvua ee! Mdaiwa! Umeleta?"

Kijiji kizima kikashika mdomo. Mjukuu amemwita bibi yake kwa jina! Jina tupu, mchana kweupe! Zaituni akasema, "Astaghafiru."

Lakini Mwanamvua akainua kichwa. Akatazama kule sauti ilikotoka. Kisha, wanangu, akacheka. Akaokota njuga, akaivaa. Akachukua kikapu, akakijaza magae. Akatembea. Chwaka... chwaka... chwaka.

"Hodi."

"Umeleta?"

"Nimeleta."

"Umeleta nini?"

"Magae."

Mashavu machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, lakini mikono iko kiunoni. "Yaweke hapo. Kumebaki?"

"Kumebaki, mdai wangu."

Akayamwaga pale penye nguzo, chwalala! Wakakumbatiana, bibi na mjukuu. Zaituni akatazama, akatazama, akaenda nyumbani. Akarudi na chungu chake kilichovunjika siku nyingi, akakimwaga juu ya yale magae. Jirani mwingine akaleta chake. Hata Mkongea akaja, anajikokota, na kipande cha mtungi ule aliouita wa kuogea kuku. Akasema, "Magae hayajengi ukuta. Lakini ukiyashindilia na udongo, yanafanya sakafu isiyopitisha mchwa." Wakashindilia, du! du! du!, kijiji kizima, wakiimba.

Mwanamvua akarudi kwenye udongo. Pata-pata-pata. Gulio likaja, likapita, likaja. Moto safari hii akauwekea kinga ya mawe. Mitungi ikatoka mizima, inaimba ngiii! Fundi akachukua mitungi, akatoa mlango.

Siku ile, hakuna aliyekwenda gulioni. Gulio lilikuwa pale. Mwanamvua mbele, njuga inalia, wanaume nyuma wamebeba mlango. Nyumba imesimama, imepakwa udongo mwekundu, imeezekwa. Mashavu yumo ndani, safari hii yumo ndani kweli.

"Hodi!"

"Umeleta?"

"Nimeleta mlango."

"Kumebaki?"

Mwanamvua akaishika nguzo ya kwanza, ile iliyopinda. Kisha akapaza sauti:

"Kumekwisha!"

Jamani! Vigelegele vile vilisikika ng'ambo ya mto, na wazee wa kule wakajua wasingoje tena. Mashavu akatoka, akapiga magoti, akaifungua njuga mguuni kwa bibi yake. Akataka kuitupa mbali. Mwanamvua akamshika mkono. "Usiitupe. Itundike mlangoni. Mguu ukiwa mwepesi, masikio yakumbuke."

Siku ya arusi, kabla ya wote, akaja Mkongea. Akasimama nje, akapiga hodi. Na kutoka ndani sauti ya Mwanamvua: "Umeleta?"

Mkongea akatabasamu na mapengo yake. "Nimeleta." Alikuwa na kapu la mtama, zawadi ya arusi.

"Kumebaki?"

"Kumebaki kula tu, dada!"

Mashavu akatoka mlango wa kwao. Njuga ikalia, chwaka! Hakuna aliyemwita wa kuazima, hakuna, mpaka leo hakuna. Na alipopata mimba ya kwanza alirudi kwa bibi yake kujifungua, kama desturi ilivyo. Akamzaa mama yangu. Ndiyo, mama yangu mimi, ninayewapigia kelele hapa.

Nyamazeni kwanza. Papaseni hapo mlipoketi. Papasa tu, haikuumi. Unakisikia hicho kidogo, kigumu, kilichopinda? Ni gae. Hilo lingine? Gae. Hili nililokalia mimi, la Mkongea. Na wewe uliyechelewa kuingia, uliisikia sauti gani ulipousukuma mlango?

Chwaka!

Ahaa.

Basi mkatembee nalo hili. Ukimaliza kulipa deni la watu, anza kulipa la kwako. Na kwa kuwa la kwako halina mdomo, lipe mdomo, na mchague mdai asiyekuonea haya.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa mwenyewe, nami naiacha hapo. Mvua imekatika. Tokeni mmoja mmoja, niisikie njuga ya bibi yake bibi yangu.