Lori la Farasi Mia Nne

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ya lini maana hata mimi nilikatazwa kuuliza, wanyama walikuwa na nyumba zao, mashamba yao, baraza lao, na magari. Naam, magari. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu hadithi hii si ya kucheka.

Mji wao ulikuwa juu ya mlima, na mto ulikuwa chini bondeni. Wakati wa masika maji yalitosha. Kiangazi visima vilikauka, ikabidi maji yaletwe kutoka mtoni kwa tangi la magurudumu, likivutwa na gari kupanda barabara ya mawe yenye kona saba. Tangi lenyewe lilikuwa moja tu. Basi waliweka desturi: kila kiangazi kikianza, wenye magari hupeleka barazani cheti cha nguvu, na mwenye nambari kubwa kuliko wote ndiye anayekabidhiwa tangi. Na anayevuta ndiye anayegawa.

Nguvu ya gari, kama mjuavyo, huhesabiwa kwa farasi. Gari hili lina nguvu za farasi mia, lile mia mbili. Hakuna aliyewahi kuwaona farasi hao. Huandikwa tu.

Miaka mitatu mfululizo tangi lilichukuliwa na Kifaru. Lori lake alilifungua na kulifunga upya mara nyingi, akaongeza turbo, akabadilisha bomba la moshi akaweka pana, akanyanyua bodi. Likiwashwa, vruuum, vyombo vya majirani vinatetemeka kabatini. Cheti chake kilisema farasi mia nne na kumi na mbili, na muhuri ulikuwa wa Fisi, mwenye mashine ya kupimia magari pale sokoni.

Lakini lori hilo lilikuwa na jambo lake. Likifika kona ya nne na tangi limejaa, linahema, kisha linaanza kurudi nyuma. Hapo Kifaru anashuka, anafungua koki, anamwaga nusu ya maji barabarani, ndipo anaendelea. Kila safari ilikuwa hivyo. Akiulizwa, anasema mlima ni mbaya. Ile nusu iliyobaki anaigawa kwa ukubwa wa mwili, yeye kwanza, kisha Nyati, kisha Kiboko, na wadogo wanaambulia tope la chini ya tangi.

Kiangazi kilichopita Mama Nguchiro alizika watoto wawili kwa kiu. Alibaki na mmoja, jina lake Tabu. Sasa kiangazi kilikuwa kimeanza tena, na midomo ya Tabu ilikuwa imekwisha kupasuka.

Nguchiro ni mdogo, mnamjua. Akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki hata goti la Kifaru. Lakini alikuwa ameyaona maji yale yakimwagwa kona ya nne, kwa macho yake, na tangu siku hiyo hakuacha kujiuliza inakuwaje farasi mia nne, wote hao, washindwe na tangi moja.

Akaenda ng'ambo ya pili ya mji kwa Bi Kobe, fundi, ambaye naye alikuwa na mashine ya kupimia, ila wateja walikuwa wamemkimbia. Akamkuta ana grisi mpaka viwikoni. Wakasalimiana, Bi Kobe akampa pole ya watoto, kisha Nguchiro akauliza habari za lile lori.

"Lilikuja hapa mwaka juzi," Bi Kobe akasema. "Nikaliandikia mia mbili na sitini. Kifaru akakichana cheti mbele ya macho yangu."

"Lori hilohilo?"

"Hilohilo, na matairi yaleyale."

Kisha akamweleza taratibu. Mashine zote mbili kazi yake ni moja: gari linafungwa minyororo, magurudumu ya nyuma yanazungusha pipa la chuma, na mashine inatazama pipa linavyokwenda mbio. Lakini pipa la Fisi ni jepesi, huenda mbio hata kwa nguvu kidogo, na lake yeye ni zito na lina breki. Tena yeye huandika nguvu inayofika kwenye tairi, na Fisi huongeza ile anayokisia kuwa imepotea njiani ikitoka kwenye injini. Na mwisho kuna habari ya joto.

"Injini inapumua kama sisi, Mama Tabu. Hewa ya baridi inaishibisha, hewa ya joto inaitia unyonge. Kwa hiyo mashine ina kipimajoto. Ikiambiwa kuna joto, inalihurumia gari na kuliongezea farasi. Ni haki, kama joto ni la kweli. Lakini kipimajoto cha Fisi kimetundikwa nyuma ya bomba la moshi."

"Basi msema kweli ni wewe."

Bi Kobe akatikisa kichwa. "Hata yangu ina tabia yake. Anayetaka kujua kama gari lake limeongezeka nguvu alipime kabla na baada ya ufundi, mashine moja, asubuhi kwa asubuhi. Ukiishika karatasi yangu na ya Fisi ukazishindanisha, umeshindanisha kibaba cha kwangu na kibaba cha jirani."

Nguchiro akamuuliza kwa nini hakuyasema hayo barazani. Bi Kobe akajibu kwamba alikwisha kuyasema, wakamwambia ana wivu wa biashara.

Siku ya pili yake Nguchiro akaiwasha pikapu yake ya kubebea mchicha, chakavu, haina turbo wala haya, akaenda sokoni. Alibeba birika la chai linalochemka na mfupa wa paja. Fisi alipouona mfupa hakuuliza mengi. Akaifunga pikapu minyororo, akaiwasha mashine, akakaa pembeni akaanza kutafuna. Pipa likaanza kuzunguka, ng'ririri. Nguchiro akaenda nyuma ya bomba, akakishusha kipimajoto msumarini, akakitumbukiza ndani ya birika.

Mashine ikaona joto ambalo halijapata kuwapo duniani. Ikaihurumia pikapu kwa huruma isiyo na mwisho. Karatasi ilipotoka ilisema farasi mia sita na thelathini.

Fisi akaacha kutafuna. Akasema hapana, kuna kosa.

"Kama mashine yako hukosea," Nguchiro akamwambia kwa upole, "niandikie hivyo hapo chini, kisha upige muhuri."

Fisi akauchukua muhuri. Kuandika kwamba mashine hukosea hakuweza, nusu ya mji ilikuwa na vyeti vyake. Akajiambia, kanguchiro haka nani atakaamini? Akapiga muhuri.

Siku ya baraza Kifaru alileta mia nne na kumi na mbili zake, akaketi, akaanza kunyoosha mkono kupokea kamba ya tangi. Nguchiro akapenya katikati ya miguu ya wakubwa akaweka karatasi yake mezani. Tembo, mkuu wa baraza, akaisoma mara mbili. Wakubwa wakacheka. Kifaru hakucheka, akasema huu ni uongo mtupu, na kama si uongo, basi mashine ya Fisi ni mbovu.

"Jibu, Fisi," Tembo akasema. "Muhuri ni wako?"

"Ni wangu."

"Mashine yako inasema kweli au haisemi?"

Fisi akatazama chini. Akisema inasema kweli, tangi ni la Nguchiro. Akisema haisemi, cheti cha Kifaru hakina maana. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Haisemi."

Hapo Nguchiro akaeleza yote, birika na bomba na pipa jepesi, hakuficha hata lake. Tembo akamwambia kwamba amedanganya baraza.

"Nimedanganya siku moja, tena nimesema mwenyewe," Nguchiro akajibu. "Tangi silitaki, pikapu yangu hailiwezi. Nimezika wawili, mkuu. Maji yao yalimwagwa kona ya nne na lori lenye cheti. Wekeni karatasi kando. Lijazeni tangi, kila mwenye gari alivute, na atakayefika nalo juu bila kumwaga ndiye huyo."

Tembo akakubali. Asubuhi ileile wakateremka mtoni.

Kifaru alitangulia, kwa ngurumo na moshi. Kona ya nne lori likahema, likaanza kurudi nyuma. Akashuka akaishika koki. Akawatazama wote waliosimama kando ya barabara, akaiachia bila kuifungua, akalirudisha tangi mtoni.

Lori la Nyati lilifia kona ya tano. Halafu Punda, aliyekuwa akibeba matofali na hakuwa amewahi kukanyaga barazani na cheti, akaomba naye ajaribu. Lori lake lilikuwa la zamani, halina mbwembwe. Likapanda polepole, gia ya chini, ta-ta-ta-ta, kona ya nne, ya tano, ya saba, mpaka uwanjani juu, na tangi limejaa pomoni.

Kifaru alifika nyuma yake kwa miguu. "Lako lina farasi wangapi?" akauliza.

"Sijui, kaka," Punda akasema. "Sijawahi kulipima."

Kisha akafungua koki akaita wadogo waje kwanza. Tabu akanywa mpaka tumbo likavimba. Mama yake alikuwa ameshika ndoo, na hakunywa. Alilia kwa sauti mbele ya watu wote, akiwalilia wale wawili, kwa sababu maji haya yangeweza kufika tangu mwaka jana. Kifaru akainamisha kichwa na hakuondoka mpaka Mama Nguchiro alipomaliza kulia.

Nami nimefika mwisho, na neno lake ni hili: ukiambiwa nguvu za kitu, uliza kwanza kimepimwa wapi na kimepimwa na nani.