Shibiri Mbili za Nikifor

Dunia ina tabia moja mbaya: humpigia makofi aliye mbele ya macho. Mvuvi akirudi na samaki, sifa zote huuendea mkono ulioshika mshipi. Nani humkumbuka aliyeusokota huo mshipi? Nani huuliza chombo kilichompeleka mvuvi na kumrudisha kimetoka wapi? Utadhani vyombo huota ufuoni kama nyasi! Nikifor naye alikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka siku bahari ilipomkalisha kitako ikamfunza adabu.

Nikifor alikuwa kijana wa Umnak, kisiwa jirani katika bahari ya baridi ya kaskazini, aliyeoa kisiwani kwetu. Alikuja kubadilishana mafuta ya sili, akamwona Anfisa binti Malanya akianika samaki, na mafuta yenyewe akayasahau. Walifunga ndoa kabla ya theluji ya kwanza, akahamia nyumbani kwa mama mkwe wake. Alikuwa hodari wa kazi, mwenye mabega mapana na ulimi mwepesi. Hata hivyo, kwetu mwanamume aliyekuja kuoa hubaki mgeni mpaka afanye jambo la kuonekana. Kijiji kizima kilimwita Mgeni, na jina hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku ya Pasaka, watu walipokusanyika kunywa chai, Nikifor alisimama mbele ya kadamnasi akatoa ahadi.

"Sikukuu ya Petro na Paulo, halibati wa karamu nitamleta mimi," alisema. "Tena si kitoto. Nitaleta halibati asiyepita mlangoni."

Watu walitazamana. Halibati ni samaki bapa, mwenye macho yote mawili upande mmoja kama gayogayo, lakini yeye hukua akamzidi mtu kwa urefu na uzito. Kumvua ukiwa ndani ya kayaki, chombo chembamba cha ngozi kinachomtosha mtu mmoja aliyenyoosha miguu, si mchezo wa kitoto. Terenti, mkuu wa kijiji, aliweka kikombe chake chini.

"Tumesikia," alisema. "Anayeleta samaki wa karamu hukaa kulia kwangu, na kuanzia siku hiyo ni mtu wa hapa. Asiyeleta..." Hakumaliza. Alijimiminia chai nyingine.

Ahadi ni deni, na Nikifor alikuwa na kikwazo kimoja. Ngozi ya kayaki yake ilikuwa imechakaa, na ngozi mpya ilikuwa mikononi mwa Malanya.

Malanya alikuwa mshonaji wa vyombo. Kila kayaki iliyotoka ufukweni petu ilivaa ngozi za simba wa bahari zilizopita mikononi mwake, ikiwemo ya mwanawe Zakhar aliyoishona mwaka uliotangulia. Alishona kwa nyuzi za kano, na sindano yake haikutokeza upande wa pili wa ngozi hata mara moja, maji yasije yakapata tundu. Iliingia nusu ya unene, ikageuka, ikatoka ilikoingilia. Kisha alikunja pindo na kushona tena juu yake. Kazi hiyo ilienda polepole, na Nikifor alikuwa akipita mlangoni asubuhi, mchana na jioni.

"Mama, bado tu?"

"Bado, mwanangu."

"Jana pia uliniambia bado."

"Na kesho ukiuliza nitakujibu hivyo hivyo. Kwani hiyo sindano inakimbizwa na nani?"

"Lakini mama, si kushona tu? Unatoboa, unavuta."

Malanya alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. "Ehe! Anfisa, njoo umsikie mumeo! Miaka arobaini nimepinda mgongo hapa, kumbe kazi yenyewe ni kutoboa na kuvuta! Mbona hamkuniambia mapema?"

Nikifor alicheka naye, lakini moyoni hakubadilika. Kwake yeye, uvuvi ulikuwa mkono na kifua. Mengine yote yalikuwa kazi za kukaa.

Mkesha wa sikukuu ulifika. Asubuhi ile ukungu uliinuka, bahari ikalala kimya, na Zakhar akaja mbio kusema kwamba halibati wamepanda kwenye kina kifupi, kando ya msitu wa mwani. Kayaki ilikuwa tayari imevishwa ngozi, ila shibiri mbili za mshono wa mkiani zilikuwa hazijashonwa. Malanya hakuwapo. Alikuwa kanisani na wanawake wenzake, wakisugua sakafu kwa ajili ya ibada.

Nikifor aliichukua sindano ya mama mkwe wake.

"Weka chini," Anfisa alimwambia. "Subiri mama arudi."

"Mama akirudi atapapasa, ataimba, atakunywa chai, na bahari itakuwa imeshachafuka. Shibiri mbili tu, mke wangu!"

"Na maji je? Mama hatoi chombo kabla hajakimwagia maji ndani akaona hakuna tone linalotoka nje."

"Nakwenda kukimwagia bahari nzima," Nikifor alisema, na akatoboa.

Alitoboa kweli. Sindano iliingia huku ikatokea kule, na uzi akauvuta kama anayeshona gunia. Haikumchukua hata muda wa chai kuchemka. Kisha alipaka mafuta ya sili juu yake, akapangusa mikono, akaridhika. Ukiutazama mshono ule kwa mbali, ungedhani ni wa Malanya. Ukiutazama kwa karibu, ungemwombea aliyeushona.

Walitoka wawili, Nikifor na shemeji yake Zakhar, kila mmoja katika kayaki yake. Walipiga kafi mpaka penye mwani, wakatia chambo cha pweza kwenye ndoana za mti na mfupa, wakateremsha mishipi. Jua lilikuwa laini. Nikifor alikuwa na raha, akimsimulia Zakhar jinsi atakavyokaa kulia kwa Terenti na kipande gani cha samaki atajikatia.

"Shemeji, kwanza samaki," Zakhar alisema. "Wewe umeshafika kwenye kutafuna."

Hapo hapo mshipi wa Nikifor ulikaza. Mvuto ulikuwa mzito na wa taratibu, wa mnyama anayejua nguvu zake. Pua ya kayaki iligeuka, ikaanza kuvutwa kuelekea bahari kuu.

"Huyu ndiye!" Nikifor alipiga kelele. "Mungu wangu, huyu ndiye!"

Alimpa samaki mshipi, akamnyang'anya, akampa tena. Kila halibati alipopiga mbio, chombo kilijipinda kushoto na kulia, jambo ambalo chombo kizuri hulifanya bila manung'uniko. Lakini kule mkiani, matundu ya Nikifor yalianza kufunguka. Kwanza alihisi visigino vimelowa. Akajiambia ni jasho. Jasho la miguuni, katika bahari ile ya barafu!

"Shemeji," Zakhar aliita, "mkia wako unazama."

"Ni samaki ananivuta."

"Samaki yuko mbele, shemeji."

Nikifor aliukaza mshipi. Maji yalikuwa yamemfika magotini, na yalikuwa yakipanda. Kwetu mtu akitumbukia katika maji yale hana muda wa kumaliza Baba Yetu. Aliutazama mshipi, akatazama ufuko uliokuwa mbali, akaelewa kwamba hawezi kuvuta samaki na kutoa maji kwa wakati mmoja.

"Kata!" Zakhar alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kata mshipi, we mtu! Dada yangu hawezi kuwa mjane kwa sababu ya karamu!"

Nikifor alichomoa kisu akakiweka juu ya mshipi. Machozi yalimlengalenga. Akikata, atarudi mikono mitupu, na kesho mbele ya watu wote atakuwa Mgeni tena, mgeni wa kudumu, mwenye maneno mengi na sahani tupu. Asipokata, huenda asirudi kabisa. Ndipo ulimi wake, uliozoea kujisifu, ukasema kitu kingine.

"Zakhar, nimeshona mimi."

"Umeshona nini?"

"Mkia. Shibiri mbili za mwisho. Mama hajui."

Zakhar alimkodolea macho. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka kafi lake likagonga maji. Alipopata pumzi alipeleka kayaki yake ubavuni mwa ile ya shemeji yake, zikagusana.

"Basi usikate," alisema. "Changu kashona mama chote. Kitatubeba."

Alilaza kafi lake juu ya vyombo vyote viwili, akavifunga pamoja kwa mkanda wa ngozi. Kisha alijinyoosha nyuma mpaka akaufikia mkia wa Nikifor.

"Yesu na Maria! Huu ni mshono au chekeche?"

"Ziba, shemeji. Utanitukana baadaye."

Zakhar alitoa kipande cha mafuta ya simba wa bahari kilichokuwa chakula chake cha mchana, akakikandika kwenye matundu. Maji yalipungua kasi ila hayakukoma. Akaushika mshipi mwenyewe. Nikifor alifungua vazi lake lisiloingiza maji, la utumbo wa sili, lililofunika tundu alimokaa, akachukua mrija wa mti ambao kila mvuvi huubeba, akaanza kunyonya maji na kuyatema baharini. Kunyonya na kutema, kunyonya na kutema. Mvuvi mwenye ulimi mwepesi kuliko wote akawa hana hata nafasi ya kusema "ah".

Halibati alipopanda juu, ilikuwa kana kwamba sakafu ya bahari imeinuka. Zakhar alimpiga rungu kichwani mara tatu, akatulia. Walimvuta kwa pamoja wakamlaza juu ya vyombo viwili na kumfunga. Kayaki ya Zakhar sasa ilikuwa imebeba nusu ya samaki, nusu ya mwenzake, na uzito wa maji ya mwenzake. Ilizama mpaka maji yakalamba mshono wa juu. Zakhar alipapasa ndani, chini ya mapaja yake. Kulikuwa kukavu.

Walirudi polepole, Zakhar akipiga kafi la shemeji yake na kumtungia wimbo wa fundi mpya wa kisiwa, na Nikifor akinyonya maji bila uwezo wa kujitetea.

Ufukoni kijiji kizima kilikuwa kimeshajaa. Walipomwona samaki, watu waliingia majini na nguo zao. "Nikifor! Nikifor!" walipiga kelele, wala hakuna aliyesema Mgeni. Terenti alimpima samaki kwa macho, akatikisa kichwa. "Kweli huyu hapiti mlangoni. Mkono huu una baraka!"

Malanya peke yake hakumtazama samaki. Alikwenda moja kwa moja mkiani, akapangusa mafuta kwa kidole, na maji ya bahari yakachuruzika kutoka ndani mbele ya macho yake.

"Nani?" aliuliza.

Nikifor alitema maji yake ya mwisho. "Mimi, mama."

"Nilidhani panya." Kisha akapaza sauti. "Mjinga wewe! Ningemwambia nini Anfisa? Ningemwambia nini mwanangu, kwamba mumeo kazama kwa sababu mimi nilikuwa nasugua sakafu?" Alimpiga kofi begani, akampiga la pili, halafu akamkumbatia na maji yake yote, akilia waziwazi.

Usiku ule Nikifor alikaa karibu na moto akikausha nguo. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu hiyo alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi nyumbani.

Kesho yake, baada ya ibada, watu waliketi kwenye karamu. Halibati alikuwa amechemshwa, kuchomwa na kupikwa mchuzi, akatosha kijiji kizima na wengine wakarudia. Terenti aligonga mahali patupu kulia kwake.

"Mwenye samaki na aje akae."

Nikifor alisimama. Lakini hakwenda kwa Terenti. Alikwenda walipoketi wanawake, akamshika Malanya mkono, akamleta mpaka pale na kumkalisha.

"Wewe vipi?" Malanya alinong'ona, akijaribu kuinuka. "Watu wanatazama! Mimi sijavua hata dagaa."

"Kaa, mama," Nikifor alisema, na safari hii alipaza sauti ili wote wasikie. "Mkia ulioingiza maji niliushona mimi. Kilichotuweka juu ya maji, mimi na Zakhar na huyu samaki mnayemla, ni mishono ya mama. Mimi nimevua samaki mmoja. Yeye jana amevua watoto wake wawili."

Zakhar aliinamisha kichwa. Terenti alimtazama Malanya, mwanamke aliyemshonea chombo cha kwanza cha ujana wake na ambaye yeye mkuu hakuwahi hata siku moja kumwita kwenye meza ile, akaona haya. Alimkatia kwa mkono wake kipande kinono cha shavu la samaki, akamwekea. Halafu akasogea, akagonga upande wake wa kushoto.

"Na wewe, mwanetu," alimwambia Nikifor, "njoo ukae hapa."

Malanya alikula huku akifuta machozi, na watu walikula wakimtazama, kila mwanamume akikihesabu moyoni chombo chake na safari zote alizorudi salama. Kweli wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, jua vimeundwa.