Chai Iliyoingia Tyubu ya Saba

Tegeni masikio, na anayejifanya hajui kuamua kesi asisinzie, maana nitamuuliza yeye kwanza.

Nje kidogo ya Songea palikuwa na maabara yenye wafanyakazi watatu. Sikitu alikuwa na mkono mwepesi: kabla hujamaliza kupiga chafya, ameshajaza tyubu kumi. Mzee Ngonyani, mfagizi, aliyajua majani ya porini kuliko mbuzi. Zawena naye alijaliwa ubishi. Mikataba ya wote ilikuwa inaisha Ijumaa, na Sikitu, anayemlea mama yake mgonjwa, alikuwa na hofu tupu moyoni.

Kazi yao? Unaweka damu kwenye tyubu, unatia matone ya maji ya mmea, kisha dawa kali inayopasua chembe nyekundu. Zikipasuka, maji yote huwa mekundu. Walitafuta mmea wa kuzikinga zisipasuke; walikuwa wamejaribu mimea tisini, na mara zote chembe zilipasuka.

Sasa Mzee Ngonyani alikuwa na tabia yake. Alichemsha majani ya kwao, akaipoza chai hiyo kwenye chupa ya maabara, ndani ya friji ya maabara! Ukimkanya anakujibu, "Mwanangu, friji ni friji."

Jumatano, kwa haraka zake, Sikitu akainyakua chupa hiyo akidhani ni maji ya mmea, akatia matone kwenye tyubu ya saba. Alipoangalia mchana, akaiinua tyubu kwenye mwanga. Damu imetulia chini, na maji ya juu ni meupe pee!

"Toba! Nimesahau kutia dawa," akasema, akataka kumwaga.

Zawena akamdaka mkono. "Umetia. Nimekuona kwa macho yangu haya. Rudia."

"Zawena, kazi itaniponyoka!"

"Ijumaa inakuponyoka hata hivyo. Rudia!"

Wakarudia mara tatu. Chembe hazikupasuka. Zawena akainusa chupa, akashtuka.

"Mzee! Hii ni nini?"

Mzee Ngonyani akashika kichwa. "Nisameheni, wanangu. Ni chai yangu."

Wakakumbatiana wote watatu kwa furaha: mmea umepatikana!

Mkuu wao, Dokta Mbilinyi, alipoziona tyubu, alikaa chini sakafuni kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Nimeruhusiwa kubakiza mtu mmoja tu. Nitambakiza aliyegundua. Ni nani?"

Mzee akasema, "Majani ni yangu. Bila mimi mngetia nini?"

"Bila mimi ingemwagwa," akasema Zawena.

Sikitu hakuamini masikio yake. Hata hivyo alimfikiria mama yake, akajikuta anasema, "Bila kosa langu, chai ingeishia tumboni mwa Mzee."

Akawageukia wenzake. Hakuna aliyemtazama.

Haya, wasikilizaji wangu, wawili lazima wafunge virago. Wewe ungemwambia nani abaki?