Damu ya Mwalimu Navoneiwa

Sogeeni karibu, na aliye mlangoni afunge, maana kisa hiki kila nikikisimulia mwili hunisisimka.

Huko Upareni palikuwa na wanafunzi watatu wa darasa la saba. Nakijwa alijua kupima vitu vya majimaji. Senkondo alijua kusoma nyayo. Mbonea, mdomo kama cherehani, alijua kusoma alama za vidole. Aliyewafundisha ni Mwalimu Navoneiwa wa sayansi, na yule mama alikuwa na vituko! Kila Ijumaa alipanga uhalifu wa uongo darasani, akamwaga juisi nyekundu ya maua ya rosela ionekane damu, kisha akajificha ili wao wapeleleze. Lenzi yake ya kukuzia vitu, ya pekee shuleni, aliahidi kumpa atakayefumbua kisa kigumu kuliko vyote.

Ijumaa moja wakakuta chupa imevunjika, wekundu umetapakaa sakafuni, mwalimu hayupo. Darasa zima likacheka. "Leo Madam kaamua kweli!"

Nakijwa akachukua tone, akatia maji ya magadi. Rosela ikikutana na magadi hugeuka kijani, hilo kila mtoto pale alilijua. Haikugeuka. Akatia tena, haikugeuka. "Jamani, hii ni damu ya kweli." Mtu akaanza kulia.

Senkondo akatoka nje, akaziona alama za ndala za mwalimu kwenye vumbi. Mguu mmoja uliburuzwa, kama wa mtu anayepepesuka. Akazifuata hadi penye majani, zikapotea. Upande mmoja njia ya mtoni. Upande wa pili uzio wa mabati, na ndani yake tangi la zamani lililochimbwa ardhini kuvuna maji ya paa. Walimu wakakimbilia mtoni wakiita. Hakuna aliyeitika, na wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mvua ikinyesha, tangi lile hujaa upesi.

Mbonea akapaka unga wa mkaa kwenye mlango wa ule uzio wa mabati, akapuliza. Mlango ulikuwa umepakwa rangi jana tu, kwa hiyo alama yoyote ilikuwa ya leo. Likajitokeza dole gumba lenye kovu katikati. Dole lile la mwalimu walilifanyia mazoezi mwaka mzima! "Yumo humu! Mama yangu, yumo humu!"

Kumbe alijikata akipanga mchezo, akaenda kunawa, kizunguzungu kikamshika, na mbao mbovu zilizofunika tangi zikavunjika chini yake. Walimtoa kwa kamba hana fahamu, maji ya mvua yakiwa yameshaanza kuingia.

Alipozinduka hospitalini, akawaita wale watatu, akaitoa lenzi mfukoni. "Ni ya nani?"

"Yangu, Madam," akasema Nakijwa. "Bila mimi tungekuwa tunacheka mpaka sasa."

"Bila mimi mngeanzia wapi kumtafuta?" akadakia Senkondo.

"Na bila mimi wote wangekuwa bado mtoni!" akasema Mbonea.

Mwalimu akawatazama, machozi yakimtoka. Na asiniambie mtu hapa kwamba tuivunje tugawane. Haya, ungekuwa wewe ndiye uliyetolewa mle shimoni, ungemkabidhi nani?