Sauti ya Mama Vumilia

Sogeeni, mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe mimi sinao. Nitawaachia ninyi.

Njombe mjini paliishi mama mmoja aitwaye Imakulata Mgaya. Kazi yake ilikuwa ushereheshaji wa harusi, na watu wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Akishika kipaza sauti, hata wakwe walionuniana walicheka. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Vumilia, wa kwanza, alikuwa na macho makali, tena hakuamini kitu mpaka akione mwenyewe. Zabroni, wa kati, alikuwa mtayarishaji wa nyimbo, mtu wa kutoa alicho nacho bila kuombwa mara mbili. Tulizo, kitinda mimba, alikuwa msusi. Vidole vyake havikujua kutetemeka.

Kisha mama akaota uvimbe kooni. Madaktari wakamwokoa, lakini ilibidi waliondoe zoloto lote, mahali sauti inapotokea. Alirudi nyumbani amejifunga skafu shingoni, kimya. Kuanzia hapo alizungumza kwa kuandika kwenye simu. Siku moja alimwandikia Vumilia: "Kinachoniuma zaidi ni kwamba siwezi kuwaita."

Pale hospitali mtaalamu wa matamshi hakukata tamaa. Alikusanya video za harusi alizosherehesha mama, akatengeneza programu iliyojifunza sauti yake. Mama angeandika neno, kompyuta yake ya mpakato ingelitamka kwa sauti yake ileile ya zamani. Familia nzima ilikaa sebuleni kusikiliza. Mama akaandika "Karibuni", akabonyeza.

"Ka—" ikasema kompyuta, ikaganda.

Ilikuwa ni yeye. Silabi moja tu, lakini ilikuwa ni yeye kabisa. Wakajaribu tena na tena. Kompyuta ikaganda vilevile, mpaka mama akaufunga mfuniko taratibu, akatoka nje.

Mtaalamu alipopigiwa simu alisema: "Programu ni nzito, memori ya kompyuta yenu, kile kipande kinachobeba kazi inayoendelea, ni ndogo. Ongezeni memori. Mkiwa waangalifu mnaweza hata wenyewe." Ndipo watoto wakakubaliana waifanye kazi hiyo mama akiwa ameenda kliniki, ili asije akavunjika moyo mara ya pili.

Vumilia ndiye aliyeanza. Alisoma ndani ya kompyuta ni memori ya aina gani inayokubalika, akazunguka madukani. Muuzaji mmoja akamwekea kipande cha memori kiganjani. "Chukua hiki dada, ni kipya, kina kasi." Vumilia alikigeuzageuza, akakilinganisha na picha aliyokuwa nayo kwenye simu.

"Kaka, huu mkato ulio katikati ya meno yake mbona haupo mahali pake?"

"Ni wa toleo jipya, lakini ukikandamiza kidogo..."

"Nikikandamiza nitavunja kitako kinamochomekwa, na sauti ya mama itapotelea humo." Akamrudishia. Aina aliyoitaka haikupatikana duka lolote. Alirudi nyumbani amechoka, akapita chumbani kwa Zabroni, akaitazama kompyuta yake. Akaiomba, akasoma aina ya memori yake. Aina ni ileile.

Akamweleza Zabroni. Kompyuta yake ilikuwa na kipande kimoja tu cha memori, kikitoka, haiwaki. Na ndani yake alikuwa akiandaa albamu ya kwanza ya kundi la vijana wa Makambako, waliomwambia wazi kwamba akichelewa wanaenda kwa mwingine.

"Nikikitoa, ndiyo basi," alisema.

"Najua," akajibu Vumilia. "Ndiyo maana sikuombi. Nakueleza tu."

Zabroni akawapigia simu wale vijana, akawaambia watafute mtu mwingine. Wakakata bila kuaga. Akaisukuma kompyuta mbele ya Tulizo. "Fungua."

Tulizo akaitandaza ile kazi mezani. Alipoinama, sweta lake la sufu likalia *tchak*, cheche ikamruka kidoleni. Wote wakashtuka. Cheche ndogo kama ile ingeweza kuunguza memori kabla hata haijawekwa. Basi Tulizo akalivua sweta katika baridi ile ya Njombe, akabaki na fulana, akashika bomba la maji ili umeme umtoke mwilini, ndipo akashika bisibisi. Akafungua skrubu zilizo ndogo kama mbegu za mchicha, akachomoa betri, akakitoa kipande cha Zabroni kwa kukishika pembeni, akakipachika kwenye nafasi tupu ya kompyuta ya mama. Akarudisha betri na mfuniko. Wakawasha.

Giza.

Taa ndogo iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kilikuwa cheusi tii. Vumilia alijishika kichwa. "Tumeiua!" Zabroni aliketi sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu, kompyuta mbili zimekufa kwa mkupuo, na sauti ya mama imo ndani.

"Nyamazeni," Tulizo akasema, meno yakimgongana kwa baridi. Akazima, akafungua upya, akachomoa betri tena, akachungulia. Meno ya dhahabu ya kile kipande yalikuwa yakionekana kidogo, hakikuzama. Kukandamiza zaidi kulitisha, kwani kikivunjika hakuna kingine. Akavuta pumzi, akakilaza kwa mshazari, akakibonyeza mpaka vibanio vya pande zote mbili vikalia *tak*.

Wakawasha. Kioo kikabaki cheusi. Wakangoja, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kisha mwanga ukafunguka.

Mama alipoingia alimkuta Tulizo hana sweta, Vumilia analia, Zabroni bado yuko sakafuni. Hakuelewa kitu. Vumilia akamketisha mbele ya kompyuta, neno lake la mwanzo bado limo. Mama akabonyeza.

"Karibuni!"

Sauti ikajaa nyumba nzima, ile ya harusini. Mama aliruka kutoka kitini, akashika skafu yake kana kwamba sauti imetoka pale. Machozi yalimtoka akiwa amekodoa macho tu.

Alipotulia, akaandika kwenye simu, akawaonyesha: "Sasa nitawaita. Jina la kwanza nataka liwe la aliyenirudishia sauti. Ni nani?"

"Mimi," Tulizo alijibu, neno likimtoka kabla hajalifikiria.

Zabroni akainua kichwa. "Wewe? Ungepachika nini, hewa? Mimi nimeacha kazi yangu yote."

"Kazi yako ingekaa humo humo kama nisingekuja kukueleza," akasema Vumilia. "Tena mngepachika kile cha dukani, mngevunja kila kitu."

"Na wakati mlipokuwa mnalia 'tumeiua', nani aliifungua tena?" Tulizo akauliza.

Walitazamana, wakashangaa wenyewe jinsi walivyofika hapo, watu waliokuwa kitu kimoja muda mfupi uliopita. Mama alikuwa amewasikiliza wote. Hakuwakemea. Alivifuta vidole vyake kwenye kitenge, akavisogeza juu ya herufi, akavisimamisha hapo.

Na mimi nasimama naye. Vumilia aliyeona, Zabroni aliyetoa, Tulizo aliyepachika: umtoe yeyote kati yao, na nyumba ile ingekuwa kimya mpaka leo. Lakini sauti haiwezi kuita majina matatu kwa pamoja. Lazima moja litangulie, na wawili wasikie likitangulia.

Haya, wasikilizaji wangu. Vidole vile vingekuwa vyenu, mngeliita jina la nani kwanza?